Umesema "Sori", Lakini Umesema Nini?



Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa mwezi wa Januari, bwana mmoja wa upande wa Kathiani alitujia nyumbani jioni, mimi na mke wangu, akiwa na uso wa mtu aliyeonewa. Mkewe alikuwa amembeba mtoto mdogo na kurudi kwa mama yake Masii, na hiyo ilikuwa siku ya 9. "Nimemwambia sori mara nne," alisema, akihesabu kwa vidole. "Ya kwanza siku ile ile. Ya pili kwa simu. Ya tatu mbele ya dada yake. Ya nne nimemwandikia. Sasa anataka nini tena? Anataka nilie?"

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu kwenda Masii. Yule mama hakuwa mkali hata kidogo. Alitukaribisha chai, akauliza habari za watoto wetu, kisha akakaa na kusema kwa sauti ya chini: "Huyu mtu hajaniomba msamaha hata siku moja."

Mume anasema mara nne, mke anasema hata mara moja. Mimi na mke wangu tumezungumza na wachumba na wanandoa wa parokia yetu kwa miaka mingi, na mtu akitudanganya huwa tunajua. Siku hiyo hakuna aliyetudanganya.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Bwana alikuwa amemdhamini rafiki yake kwa mkopo wa sacco bila kumwambia mkewe. Rafiki akashindwa kulipa, sacco ikawageukia wadhamini, na mshahara wa bwana ukaanza kukatwa kila mwezi. Pesa zilizokatwa ndizo zilizokuwa za karo ya msichana wao wa Kidato cha 2. Mama wa watu hakujua lolote hadi siku alipomwona binti yake akishuka kwenye bodaboda na sanduku lake, amerudishwa nyumbani. Jioni hiyo alimwuliza mumewe, "Mbona hukuniambia?" Bwana akajibu, "Sori." Macho yake yalikuwa kwenye televisheni.

Mwezi huu basi tulitazame neno hilo moja. Ni neno la Kiingereza, lakini sidhani kuna nyumba hapa Machakos ambamo halitamkwi kila siku, hata na nyanya ambaye hakuvuka mlango wa darasa.

Asubuhi moja mjini

Waingereza huliandika "sorry". Sisi tunasema "sori", na hivyo ndivyo nitakavyoliandika. Ukitaka kuona kazi zake, kaa asubuhi moja tu kwenye steji ya magari hapa mjini. Mama mwenye kiondo cha maembe anateleza, maembe yanatawanyika chini ya magari, na watu wote walio karibu wanasema, "Sori! Sori, mama!" Hakuna aliyemsukuma. Utingo anakukanyaga kiatu: "Sori." Unaingia dukani kuuliza unga wa aina fulani: "Sori, umeisha." Unakwenda ofisini, karani hakusikia jina lako vizuri, anainua kichwa: "Sori?" Mwenyekiti wa kikundi anatangaza kwamba mkutano ni Jumanne, "sori, Jumatano." Na mchana ukipita kwenye nyumba yenye msiba, unamshika mfiwa mkono na kumwambia, "Sori sana."

Hesabu mwenyewe. Neno limetumika mara sita, na ni mara moja tu, pale kwa utingo, ambapo aliyelisema alikuwa amemkosea mtu. Mara nyingine ilikuwa ni huruma, au adabu, au kuuliza, au kujisahihisha. Neno linalofanya kazi nyingi hivyo ni kama panga la nyumbani: linapasua kuni, linakata nyama, linafyeka majani. Lakini hakuna daktari anayepasua mgonjwa kwa panga.

Wageni kutoka Uingereza wakija kwetu hushangaa. Mgeni akijikwaa, Mkenya humwambia "sori", naye hujibu, "Lakini si wewe uliyeweka jiwe!" Tumechekwa sana kwa jambo hili, na walimu wengine wa zamani walitufundisha kwamba ni kosa. Mimi sikubali. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, neno hili lilikuwa "sarig", nalo lilitokana na "sar", maana yake maumivu au kidonda. Aliyekuwa "sarig" alikuwa mtu anayeumia. Kwa hiyo yule anayemwambia "sori" mama aliyemwaga maembe, akimaanisha kwamba naye anaumia pamoja naye, yuko karibu na shina la neno kuliko yule anayemcheka. Maana ya kukiri kosa iliota baadaye kwenye shina hilo hilo.

Hata wenye lugha yao hawajafaulu kuzitenganisha maana hizo mbili. Mwaka 2009 jimbo la Ontario, nchini Kanada, lilitunga sheria kwamba mtu akisema "sorry" baada ya jambo baya kutokea, kauli hiyo isichukuliwe katika kesi ya madai kuwa amekiri kosa. Watu walikuwa wakiogopa kusema neno la huruma lisije likageuzwa deni.

Nasi Wakenya tuliuona upande wa pili wa jambo hilo. Mwaka 2009 wazee waliofungwa na kuteswa wakati wa Mau Mau, miongoni mwao Ndiku Mutua na Paulo Muoka Nzili, majina ambayo Mkamba yeyote atayatambua, waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni akasema serikali yake inasikitika kwa dhati, na ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, fidia ya wazee 5,228 pamoja na gharama za kesi. Miaka 10 baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alizungumza Nairobi juu ya huzuni na majuto makubwa kwa ukatili uliotendeka. Maneno yalikuwa mazito, na huenda yalitoka moyoni. Hata hivyo Wakenya wengi walisikiliza hadi mwisho wakingojea neno moja, la kuomba msamaha, na halikuja. Mfalme alituambia kwamba anaumia. Hakutuomba kitu.

Mke wa Masii hakuwa na habari ya wafalme. Lakini sikio lake lilikuwa lile lile.

Maneno matatu mahali pa moja

Kiswahili hakitubani kama Kiingereza. Pale penye "sori" moja, sisi tuna walau maneno matatu, na kila moja lina mlango wake.

La kwanza ni "pole". Lina undugu na "poa": kitu cha moto kikipungua moto. Unapompa mtu pole ni kama unampepea. Humshtaki mtu, hujishtaki mwenyewe, wala huombi kitu. Unasema tu kwamba umeona mzigo wake. Ndiyo maana jibu lake ni "asante", na watu wa Pwani hujibu vizuri zaidi: "Nimeshapoa." Mtu hupewa pole kwa kazi, kwa safari, kwa homa, kwa msiba.

La pili ni "samahani", lililotujia kutoka Kiarabu. Kwa mazungumzo yetu ya kila siku limekuwa neno la kubisha hodi. Samahani, naomba kupita. Samahani, nimekukatiza. Mwalimu wa Kiswahili atasema linabeba zaidi ya hapo, na ni kweli, lakini hapa kwetu bara limepungua uzito. Anayemwambia mkewe "samahani" kwa kumficha deni la miezi 7 amebisha hodi tu, akabaki mlangoni.

La tatu ni "nisamehe". Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye ndoa.

Litazame neno lenyewe. Sema "unisamehe" polepole. Mna "u", ambaye ni wewe, na mna "ni", ambaye ni mimi. Watu wawili wamo ndani ya neno moja, na anayetenda si mimi niliyekosa. Anayetenda ni wewe uliyekosewa. Nimekupa kiti, nimesimama mbele yako, nami nangoja. Unaweza kukubali na unaweza kukataa. Sasa litazame "sori". Halina mimi, halina wewe, halina kosa, halina swali. Hata ukilisema kwa Kiingereza kamili, linaeleza hali ya moyo wa msemaji tu. Mtu anaweza kulirusha akiwa anatoka mlangoni, na asihitaji jibu.

Ndiyo maana wanaume wengi (na wanawake, lakini leo niwaseme wanaume wenzangu) wanalipenda. Kumbukeni tulikojifunzia. Wengi wetu tulilipata shuleni, mbele ya mwalimu mwenye kiboko. Umechelewa, umesahau daftari, umenaswa ukizungumza lugha ya mama: "Sorry, sir! Sorry, sir!" Hatukuwa tunamwomba mwalimu msamaha. Tulikuwa tunakinga mkono usije ukashuka. Mtoto huyo amekua, ameoa, ana kitambi, na mkewe akiinua sauti yeye bado anakinga mkono: "Sori, sori, nimesema sori!" Asilotambua ni kwamba mbele yake hakuna kiboko. Kuna mtu aliyeumizwa.

Hayati Papa Fransisko alipenda kuzifundisha familia maneno matatu. Aliyataja mbele ya mahujaji wa familia huko Roma mwezi wa Oktoba 2013, akayaandika tena katika wosia wake wa kitume "Amoris Laetitia" wa mwaka 2016, kifungu cha 133: la kuomba ruhusa, la kushukuru, na la kuomba msamaha. Yeye alizungumza Kiitaliano. Sisi wengi tulisoma kwa Kiingereza, tukaona la tatu limeandikwa "sorry", tukafurahi tukasema, kumbe hilo tunalo tayari! Hatukuwa nalo. La tatu kwetu ni "nisamehe", na hilo ndilo lililo gumu.

Pole isiyotolewa

Msinielewe vibaya mkadhani kila jioni ni ya kupigana vifua. Kuna nyumba zinazoumia kwa kukosa pole, wala hakuna mtu aliyekosa ndani yake.

Mama mmoja alipoteza mimba ya miezi 5. Mumewe ni mtu mwema sana. Alimpeleka hospitalini usiku, akalipa gharama, akamrudisha nyumbani, akamwekea mtu wa kumsaidia kazi. Lakini kila alipomkuta analia, alikasirika. Alimwambia, "Ni mapenzi ya Mungu." Siku nyingine alimwambia, "Sasa mimi nimefanya nini?" Walikuja kwetu baada ya karibu mwaka, wakiwa wanalala vyumba viwili.

Mke wangu ndiye aliyeona kilichokuwa kimewakwama. Alimwuliza bwana, "Ulimpa pole?" Bwana akashangaa. Pole ya nini, na msiba ulikuwa wa wote wawili? Tena alikuwa ameyasikia machozi ya mkewe kama mashtaka. Alikuwa na hofu kwamba akisema "sori" atakuwa amekubali kwamba alichelewa kutafuta gari usiku ule. Kwa hiyo alinyamaza, akatafuta maneno ya katekisimu, kumbe lililohitajika lilikuwa la herufi nne.

Akamgeukia mkewe pale pale sebuleni petu, akasema, "Pole, mama watoto." Naye mkewe akasema, "Pole na wewe." Hakuna mtu aliyekuwa amempa yule bwana pole kwa mtoto wake tangu siku ile, hata mmoja. Jirani wote walikuwa wamempa mkewe.

Mpendwa msomaji, kabla ya kujitetea, sikiliza kwanza unaombwa nini. Mkeo akisema, "Leo nimechoka, watoto wamenisumbua, maji yamekatika," hajasema kwamba wewe ndiwe uliyeyakata. Usimwambie, "Kwani mimi ni kampuni ya maji?" Na wewe mama, mumeo akirudi kutoka Nairobi saa 3 usiku kwa sababu ya msongamano pale Mlolongo, "pole kwa safari" itangulie maswali. Maswali yatakuwapo tu.

Jinsi ya kuomba

Sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kutojua kuomba msamaha, maana tumefundishwa tangu Komunyo ya Kwanza. Katekisimu ya mwaka 1992 inataja matendo matatu ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Na ikifuata Mtaguso wa Trento wa mwaka 1551, inaeleza majuto kuwa ni uchungu wa roho na kuichukia dhambi, pamoja na nia ya kutoitenda tena. Hebu fikirini mtu anapiga magoti kwenye kiti cha maungamo na kusema, "Padre, sori," kisha anaondoka. Padre atamwita arudi. "Sori ya nini, mwanangu?" Mke naye ana haki ya kuuliza hivyo hivyo, wala si ukaidi.

Kosa litajwe kwa jina lake. Usiseme "kwa yale yaliyotokea", kana kwamba ni mvua. Sema ulichofanya. Kisha ogopa maneno mawili madogo, "kama" na "lakini". "Nisamehe kama nimekukosea" ni maneno ya wanasiasa kwenye mazishi. Mkeo amesimama mbele yako na kidonda, nawe unasema "kama". "Nisamehe, lakini hata wewe" ni mbaya zaidi, kwa sababu umempa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto. Ya kwake yatakuwa na siku yake.

Halafu kuna malipizi, ambayo wanandoa wengi huyasahau kabisa. Katekisimu inasema wazi kwamba ondoleo huondoa dhambi lakini haliponyi uharibifu wote uliotokana nayo. Aliyeiba arudishe, aliyemchafulia mtu jina alisafishe. Zakayo hakumwambia Bwana Yesu kwamba anasikitika tu. Alisimama akataja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowapunja kuwarudishia mara nne. Ukimsema mkeo vibaya mbele ya mama yako, nisamehe ya chumbani haitoshi. Rudi kwa mama yako, ukaseme mengine.

Turudi kwa yule bwana wa Kathiani. Tulipokutana nao wote wawili, tulimwomba jambo moja tu: azungumze Kikamba, asiweke neno hata moja la Kiingereza. Alinyamaza muda mrefu hadi mke wangu akainuka kwenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyeitaka. Kikamba ni kama Kiswahili katika hili, huwezi kuomba msamaha bila kumweka anayesamehe ndani ya neno lenyewe. Jasho lilimtoka. Mwishowe akasema maneno ambayo nayaweka hapa kwa Kiswahili, kwa ruhusa yao: "Nilimdhamini yule mtu bila kukuambia kwa sababu nilijua utakataa. Nilikuficha miezi 7. Mtoto amefukuzwa shule kwa ajili yangu, na aibu umeibeba wewe. Nisamehe."

Mkewe hakumkumbatia. Alisema, "Nimesikia." Kisha akaomba kuona karatasi zote za sacco.

Bwana alizileta. Aliuza fahali wake mmoja, msichana akarudi shuleni wiki ya pili ya Februari, na mama akarudi nyumbani mwisho wa mwezi. "Nimekusamehe" aliisema wakati wa Pasaka, baada ya Misa, kwenye njia ya kurudi nyumbani. Hapo katikati bwana alitupigia simu mara mbili akilalamika kwamba anacheleweshwa. Tulimjibu kwamba yeye alichukua miezi 7 kuficha, na mwenzake ana ruhusa ya miezi 2 kufikiri.

Jibu nalo ni kazi

Anayeombwa ana sehemu yake. Tumezoea kujibu "sori" kwa "ni sawa", au "hakuna shida", au vijana wanavyosema, "hakuna noma". Kwa kiatu kilichokanyagwa, sawa. Kwa jambo zito ni hatari, kwa sababu shida ipo, nawe umesema haipo. Umemfukuza mdeni bila kuandika kwamba amelipa. Baada ya miaka 6, mkigombana juu ya chumvi, utatoa lile deni, utamsomea siku na saa, naye atasema, "Lakini si ulisema ni sawa?"

Ukiweza kusema "nimekusamehe", liseme kwa ukamilifu wake. Usipoweza bado, sema ukweli: "Nimesikia, nipe muda." Papa Fransisko alirudia mara nyingi kwamba siku isiishe bila amani nyumbani, na baadhi ya waume wameligeuza fundisho hilo kuwa rungu: wanamkosea mke saa 12 jioni, wanamdai msamaha kabla ya saa 4. Hakukusudia hivyo. Ishara ndogo, kikombe cha chai, mkono begani, hutosha kuvusha usiku, na kesho mazungumzo yakaendelea.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita. Zipo nyumba ambazo "sori" huja kila baada ya kipigo, pamoja na leso mpya au kilo ya nyama. Dada yangu, hilo si neno la toba, kwa sababu majuto huja na nia ya kuacha, nayo hapa haipo. Wala usimsikilize anayekuambia kwamba Kanisa linakutaka ubaki pale hadi uuawe. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1153, zinatambua kwamba mwenzi anayemhatarisha mwenzake vikali kiroho au kimwili anampa sababu halali ya kuondoka. Na nchi yetu ina Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, inayokuruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Nenda kwanza mahali salama. Kusamehe kunaweza kufanyika ukiwa mbali.

Zoezi la wiki

Mwezi huu tunawapa zoezi, nasi tumelijaribu kwanza sisi wenyewe. Kwa siku 7 msitumie "sori" ndani ya nyumba. Kila linapofika ulimini, simama, uchague: ni pole, ni samahani, au ni nisamehe? Watoto waingizwe pia, nao watawakamata mara nyingi kuliko mtakavyopenda. Jumapili jioni kaeni wawili mkaulizane: Wiki hii nilikupa lipi zaidi? Lipi ulilingojea usilipate? Kuna "sori" ya zamani niliyokuambia ambayo wewe hukuisikia kuwa ni msamaha? Swali hili la mwisho msiliulize mkiwa na haraka.

Kwetu, siku mbili za kwanza nyumba ilikuwa kimya ajabu. Nilimwaga chai kwenye kitambaa cha meza nikabaki nimeduwaa kwa kukosa neno. Siku ya tatu mke wangu alinipa pole nne, ambazo sikumbuki kupewa kwa mwezi mzima kabla ya hapo. Siku ya tano niliingia jikoni nikamkuta ameketi kwenye kigoda, mitungi mitupu iko mlangoni. Nikafungua mdomo, nikasema, "Sa... hapana. Nisamehe. Nilikuahidi asubuhi kwamba nitaleta maji, nikaenda zangu mjini, sikuleta."

Alinitazama kwa muda. "Nimekusamehe," akasema. "Sasa chukua mitungi."